Sura ya Saba: Kitabu Kisafiri, Msomaji Atulie

Swali la mezani

"Kitabu ninachokitaka hakipo hapa, kipo tawi jingine. Mbona hamkileti?"

Mkutubi yeyote aliyewahi kukaa kwenye meza ya mapokezi ameulizwa swali hili. Muulizaji anaweza kuwa mwanafunzi wa kidato cha sita anayetafuta kitabu cha baiolojia, mzee mpenda historia, au mama anayemtafutia mwanawe juzuu ya pili ya hadithi aliyoimaliza jana usiku. Wote wanaona jambo lile lile: kitabu kimeshanunuliwa kwa fedha ya umma, kipo kilomita chache tu kutoka hapo, na huenda hakuna anayekisoma. Swali lao ni la haki kabisa.

Jibu fupi ni kwamba kitabu kinaweza kuletwa, na katika miji mingi duniani vitabu huletwa hivyo kwa maelfu kila siku ya kazi. Katika sura hii tutakifuata kitabu kimoja kinapotoka rafu moja kwenda nyingine, tuone kazi hiyo ilivyofanywa kwa mikono, kisha tuingie ndani ya mojawapo ya mashine kubwa za kupanga vitabu vya maktaba, iliyoko Queens, New York. Tutaona pia kwamba mashine ni hatua ya mwisho. Kabla yake kuna maamuzi ambayo maktaba yoyote inaweza kuyafanya, hata isiyo na fedha za mashine.

Safari ya kitabu kwa mikono

Tuchukue mtandao wa kawaida wa maktaba za mji: matawi kadhaa, kituo kikuu kimoja, na gari la kuzungusha vitabu. Msomaji wa tawi la kaskazini anaomba kitabu kilicho tawi la kusini. Mambo huenda hivi:

1. Ombi linaingia tawi la kusini. Asubuhi mtumishi anachapa orodha ya maombi, anazunguka kwenye rafu na kukitafuta kitabu.
2. Akikipata, anachomeka kikaratasi chenye jina la tawi kinakokwenda na kukifunga kwa rababendi.
3. Anakitia kwenye kreti pamoja na vingine vinavyotoka tawini hapo siku hiyo.
4. Gari linapita, linabeba kreti na kuzipeleka kituo kikuu.
5. Pale kituoni kreti zinafunguliwa. Watu wanatoa kitabu kimoja kimoja, wanasoma kikaratasi na kukiweka kwenye kreti ya tawi linalohusika.
6. Gari linazipeleka kreti mpya. Tawi la kaskazini linapokea, linaingiza taarifa kwenye kompyuta, linaweka kitabu kwenye rafu ya maombi na kumjulisha msomaji.

Ukiangalia hatua hizo, utaona kwamba barabarani kitabu hakikai. Umbali ni mdogo na gari linafika siku ile ile. Kinakaa hatua ya tano. Kreti zikiingia nyingi jioni, zinalala. Kesho zinaingia nyingine kabla za jana hazijaisha. Baada ya sikukuu ndefu, wakati wasomaji wote wanarudisha vitabu kwa pamoja, rundo linapanda mpaka watumishi wa kituo wanafanya kazi siku nyingi kulimaliza. Huko matawini msomaji anaambiwa kitabu chake "kipo njiani," na kweli kipo njiani, ila hakitembei.

Kuna hasara nyingine isiyoonekana haraka. Mtu aliyesoma vikaratasi saa nne mfululizo huchoka, na mkono hupeleka kitabu kwenye kreti ya jirani. Kitabu hicho hakijaibwa wala hakijachanika, lakini kwa siku kadhaa hakuna anayejua kilipo. Tawi lililokipokea kimakosa linakirudisha kituoni, na safari inaanza upya.

Tusisahau uzito. Vitabu 40 vya gramu 400 kila kimoja vinafanya kilo 16 kabla hujahesabu kreti yenyewe. Mtu anayeinua mzigo wa namna hiyo mara nyingi kwa siku, akiinama na kugeuka, anaumia mgongo na mabega. Katika mjadala wa mashine watu hutaja kasi kwanza, lakini afya ya wabebaji nayo ni sababu nzito.

Kila kitabu kiwe na kitambulisho

Mashine haiwezi kusoma kikaratasi kilichoandikwa kwa mkono wa haraka. Inahitaji kitu kisichobadilika, kilichobandikwa kwenye kitabu chenyewe. Kitu hicho kwa kawaida ni msimbopau, yaani ile mistari myeusi minene na myembamba iliyo pia kwenye pakiti za sabuni na unga dukani. Mwanga wa leza unapita juu ya mistari, na kompyuta inaisoma kama namba.

Katika maktaba nyingi za Marekani namba hiyo ina tarakimu 14, na kila sehemu ina kazi yake:

- Tarakimu ya kwanza inaeleza aina ya kitu. Ikiwa 3, ni kitabu au kifaa kingine cha maktaba. Ikiwa 2, ni kadi ya msomaji.
- Tarakimu 4 zinazofuata zinataja maktaba yenye kitu hicho.
- Tarakimu 8 ni namba ya nakala yenyewe.
- Tarakimu ya mwisho ni ya uhakiki. Hupatikana kwa kukokotoa tarakimu zilizotangulia. Kompyuta hurudia hesabu hiyo kila inaposoma msimbo, na majibu yasipolingana inajua kwamba imesoma vibaya.

Jambo la kuzingatia ni kwamba namba ni ya nakala. Maktaba ikiwa na nakala 30 za riwaya moja, kila nakala ina namba yake. Ndiyo maana mfumo unaweza kusema nakala hii ipo kwa msomaji fulani, ile ipo kwenye gari, na ile nyingine ipo rafuni.

Njia ya pili ni kibandiko chenye chipu, yaani kipande chembamba chenye waya uliozungushwa na kijidude kidogo cha kumbukumbu katikati. Hakina betri. Kikikaribia kifaa cha kusomea, mawimbi ya redio ya kifaa hicho yanakiamsha, nacho kinatoa namba yake. Msimbopau lazima uonekane, na husomwa mmoja mmoja. Chipu husomwa hata ikiwa imefichwa ndani ya jalada, na kitita cha vitabu kadhaa vilivyopangwa mezani husomwa kwa mara moja. Singapore ilitangulia katika hili: mwaka 1998 maktaba ya umma ya Bukit Batok ilianza kutumia chipu hizo kuazimisha na kupokea vitabu, wakati ambapo maktaba nyingi duniani zilikuwa bado zinagonga mihuri ya tarehe.

Ndani ya mashine ya Queens

Sasa twende New York. Mji huo una mifumo mitatu ya maktaba za umma. Maktaba ya Umma ya New York inahudumia Manhattan, Bronx na Staten Island. Brooklyn ina yake na Queens ina yake. Mwaka 2010 Maktaba ya Umma ya New York ilianza kutumia mashine mpya ya kupangia vitabu katika jengo lililokarabatiwa Long Island City, sehemu ya Queens iliyo ng'ambo tu ya mto kutoka Manhattan. Mashine iligharimu dola milioni 2.3. Iliyotoa sehemu zake ni kampuni ya Denmark, Lyngsoe Systems, ambayo kazi zake nyingine ni za posta na viwanja vya ndege.

Ukisimama mbele yake, unaona mkanda unaozunguka kama ule wa mizigo uwanja wa ndege, ila huu una urefu wa futi 238, yaani zaidi ya meta 72, sawa na theluthi mbili ya kiwanja cha mpira wa Kimarekani. Mkanda umegawanywa katika vipande, na kila kipande kinabeba kitu kimoja tu. Upande mmoja wanasimama wafanyakazi wenye kreti zilizotoka matawini. Kazi yao ni kutoa kitabu na kukilaza kifudifudi, jalada la mbele likitazama chini. Wanakilaza hivyo kwa sababu msimbopau umebandikwa jalada la nyuma, na leza ipo juu.

Kitabu kinapita chini ya leza. Leza inasoma namba na kuituma kwenye kompyuta kuu ya maktaba, ikiuliza: hiki kiende wapi? Jibu linarudi wakati kitabu bado kinatembea. Pembezoni mwa mkanda yamepangwa mapipa 132, na kila pipa ni la tawi lake. Kitabu kinapofika mbele ya pipa lake, kipande kilichokibeba kinakidondosha humo. Kipande kile, kikiwa kitupu, kinaendelea kuzunguka mpaka kwa wafanyakazi, nao wanakipakia kitabu kingine.

Kwa mwendo huo mashine inapanga vitu 7,500 kwa saa, sawa na 125 kila dakika. Tufanye hesabu ndogo ili namba hiyo ieleweke. Tuseme mtu mmoja anatumia sekunde 10 kutoa kitabu, kusoma kikaratasi na kukiweka kwenye kreti sahihi. Kwa saa moja bila kupumzika atapanga vitabu 360. Ili kufikia 7,500 utahitaji watu 21, wote wa kasi hiyo, wote wasiokosea, na ukumbi wa kuwatosha pamoja na kreti zao.

Vikaratasi na rababendi navyo havihitajiki tena. Mtumishi wa tawi hana haja ya kujua kitabu kinakwenda wapi. Anakitoa, anakitia kwenye kreti yoyote, basi. Muda aliokuwa akiutumia kuandika majina ya matawi unabaki kwa ajili ya watu waliosimama mbele yake.

Mwaka 2013 maktaba ya Brooklyn iliungana na ile ya New York katika kazi za kununua, kuandaa na kusambaza vitabu, kwa jina la BookOps. Mifumo miwili iliyotengana kwa zaidi ya karne moja ikaanza kutumia kituo kimoja. Hili linatufundisha kwamba mashine kubwa huleta tija pale mzigo unapokuwa mkubwa, na mzigo hukua pale taasisi zinapokubali kushirikiana.

Maswali ambayo kompyuta hujiuliza

Wageni wengi wanaotazama mashine kama hii hudhani akili ipo kwenye mkanda. Mkanda hauna uamuzi wowote. Uamuzi unatoka kwenye mfumo wa kompyuta wa maktaba, yaani programu inayotunza katalogi, majina ya wasomaji, na kumbukumbu ya kila nakala. Kitabu kinaporudishwa, programu hiyo hujiuliza mambo matatu kwa mpangilio:

1. Je, kuna msomaji anayekisubiri? Kama yupo, kitabu kiende tawi alilochagua kukipokelea.
2. Kama hakuna, je, kitabu hiki kina tawi lake? Kama kinalo, kirudi nyumbani.
3. Kama hakina tawi maalumu, je, kibaki kiliporudishwa, au kipelekwe tawi lenye upungufu?

Swali la tatu linahitaji maelezo. Zamani kila kitabu kilikuwa na tawi lake na lazima kirudi huko. Siku hizi baadhi ya maktaba zimeamua kwamba vitabu vyake ni vya mtandao mzima. Kitabu kikirudishwa tawi la mashariki, kinapangwa rafuni hapo hapo na kubaki mpaka mtu mwingine akiombe kutoka kwingine. Huu ndio mkusanyo unaoelea. Faida yake ni kubwa, maana kitabu kinachobaki kilipo hakihitaji mkanda, kreti, dereva wala mafuta.

Una tatizo lake pia. Vitabu vinavyopendwa hufuata wasomaji wenye nguvu ya kuomba, wale wenye intaneti nyumbani na mazoea ya kuagiza. Baada ya muda rafu za matawi fulani hufurika, na za mitaa ya watu wasioagiza hubaki na vitabu chakavu. Hapo ndipo mkutubi anapotakiwa kuingilia na kuiambia programu iyagawie matawi yaliyopungukiwa. Usawa hauji wenyewe, sharti mtu auweke kwenye kanuni za programu.

Saa moja ya mashindano

Mbali na New York, upande wa magharibi wa Marekani, ipo King County, wilaya inayozunguka mji wa Seattle. Maktaba zake zina mashine ya aina hiyo hiyo. Wafanyakazi wa pande hizo mbili wakaanzisha mashindano: saa moja, nani atapanga vitu vingi zaidi?

Mwaka 2013 New York walishinda kwa vitu 12,570 dhidi ya 11,868 vya King County, tofauti ya 702. Linganisha na ile kasi ya 7,500 kwa saa. Siku hiyo mashine ilipitisha zaidi ya vitu 209 kila dakika. Chuma kilikuwa kile kile. Kilichoongezeka ni mikono iliyokilisha, watu waliojua namna ya kushika kitabu, kukigeuza na kukilaza bila kipande hata kimoja cha mkanda kupita kitupu. Mashine inayopanga vitabu yenyewe ina kasi ya watu wanaoipakia, na maktaba inayoitaka mashine yake ifanye kazi vizuri haina budi kuwathamini watu hao.

Mashine ndogo nyuma ya ukuta

Si kila mashine ni ya meta 72. Katika matawi mengi ya Ulaya, Asia na Marekani utakuta dirisha dogo ukutani. Msomaji anasukuma kitabu ndani, chipu au msimbopau unasomwa, na kwenye kioo linatokea jina la kitabu na taarifa kwamba kimepokelewa. Nyuma ya ukuta kuna mkanda mfupi na mapipa machache: moja la vitabu vya watoto, moja la vya watu wazima, moja la vile vinavyosubiriwa na wasomaji wa tawi hilo, moja la vinavyokwenda matawi mengine.

Faida ya dirisha hili ni kwamba upangaji unaanza pale pale kitabu kinaporudishwa. Kitabu kinachosubiriwa na mtu wa tawi hilo hilo hakipandi gari kabisa. Na msomaji anayerudisha kitabu saa tatu usiku anaondolewa deni lake wakati huo huo.

Kuna pia usafirishaji wa ndani ya jengo moja. Katika jengo kuu la Maktaba ya Umma ya New York, lile lenye sanamu za simba wawili mlangoni, sehemu ya vitabu vya utafiti imehifadhiwa chini ya bustani ya Bryant. Tangu mwaka 2016 vitabu hivyo hupandishwa kwa vigari 24 vyekundu vinavyopita juu ya reli, vikienda mlalo na wima, futi 75 kwa dakika, kila kigari kikibeba hadi pauni 30, yaani kilo 13 na ushei. Sanduku la kigari limening'inizwa hivi kwamba hubaki wima hata reli inapopanda juu moja kwa moja, vitabu visimwagike.

Mashine inaposhindwa

Anayetaka kununua mashine hana budi kujua mahali inapokwama. Matatizo ya kawaida ni haya:

- Msimbopau uliochanika au kuchafuka. Leza haisomi, na kitu kinaangukia pipa la visivyosomeka. Mtu lazima akishike na kukitafutia jibu.
- Kitabu chembamba cha picha kinachoteleza, na kitabu kikubwa cha ramani kisichoenea kwenye kipande cha mkanda.
- Seti ya vitu vingi, kama kitabu chenye diski mbili. Msimbo mmoja unasomwa, lakini hakuna anayejua kama diski zote zimo.
- Katalogi yenye makosa. Ikiwa kompyuta inaamini nakala ni ya tawi lililofungwa, mashine itatii kosa hilo kwa kasi kubwa.
- Umeme na mtandao kukatika. Mkanda bila jibu la kompyuta hauna pa kupeleka kitabu.

La nne ndilo zito kuliko yote. Katalogi mbovu ikikabidhiwa mashine nzuri, makosa yaliyokuwa yakitokea mara moja kwa siku yatatokea kila dakika. Wanaofanikiwa huanza kwa kuhesabu vitabu, kubandika upya misimbo iliyochakaa na kusafisha kumbukumbu.

Na wafanyakazi je?

Swali hili ni la lazima, na halifai kupewa jibu la juu juu. Mashine inapunguza idadi ya watu wa kupanga vitabu kituoni. Huo ni ukweli. Maktaba inayosema hakuna atakayeguswa haiwatendei haki watumishi wake.

Lakini mikono ya maktaba haijawahi kukosa kazi. Kuna mtoto anayehitaji kusomewa, kijana anayehitaji kusaidiwa kuandika barua ya kuomba kazi, mzee anayetaka kufundishwa kutumia simu. Uongozi ukiamua mapema kwamba saa zilizookolewa zitakwenda huko, na ukawafunza watumishi kabla mkanda haujawashwa, mashine inakuwa msaada. Ukiamua kwamba saa hizo ni za kufuta kwenye bajeti, mashine itakuwa njia ya kuidhoofisha maktaba. Vyuma ni vile vile, na uamuzi ni wa watu wanaoshika kalamu.

Afrika Mashariki tuanzie wapi?

Msomaji wa Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa anaweza kuuliza: haya ya dola milioni 2.3 yananihusu nini? Yanakuhusu, kwa sababu sehemu kubwa ya yale yanayokifikisha kitabu kwa msomaji haihitaji mkanda.

Tunao mtandao. Tanganyika ilitunga sheria ya huduma za maktaba mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Julius Nyerere akafungua Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam. Chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania kuna maktaba za mikoa. Kenya ina Huduma ya Maktaba za Kitaifa, na Nairobi ina maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa 1931, pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Huko Garissa, ngamia wamebeba masanduku ya vitabu kwa jamii za wafugaji kwa miaka mingi. Anayesema kitabu hakiwezi kutufuata tulipo awaulize watoto waliowasubiri ngamia hao.

Na tunayo mabasi. Kila siku vifurushi vinatoka Dar es Salaam kwenda Mwanza, Mbeya na Arusha, vina majina na namba za simu, na vinafika. Njia ya kupitisha kreti ya vitabu ipo tayari.

Kinachokosekana mara nyingi ni katalogi ya pamoja, ile inayomwezesha mtu wa Morogoro kuona kwamba kitabu kipo Dodoma. Hilo nalo lina dawa isiyo ghali. Mwaka 1999 maktaba za wilaya ya Horowhenua, New Zealand, zilitengenezewa programu iitwayo Koha, zikaanza kuitumia mwaka 2000, na zikaamua kuiachia dunia nzima bure. Leo inatumika katika maktaba za nchi nyingi, za Afrika Mashariki zikiwemo. Kuisimamia kunahitaji mtaalamu na seva, lakini leseni hainunuliwi.

Kwa hiyo mpangilio wa busara kwa mtandao wetu wowote wa maktaba ni huu:

1. Hesabu vitabu na upe kila nakala namba na msimbopau wake.
2. Weka katalogi moja inayoonekana na matawi yote, na ikiwezekana kwenye simu ya msomaji.
3. Kubalianeni kwamba msomaji wa tawi moja ni msomaji wa matawi yote, na kadi moja inatosha.
4. Pangeni siku maalumu ya gari au kifurushi cha basi, na isibadilike. Safari moja ya uhakika kila wiki ni bora kuliko ahadi ya kila siku.
5. Tumieni meza, kisomeo cha mkononi cha msimbopau, na kreti zenye rangi au jina la kila tawi. Kwa vitabu mia chache kwa siku, watu wawili wanatosha.
6. Mzigo ukiwashinda watu hao, na mkiwa na takwimu za kuonyesha hivyo, ndipo mfikirie mkanda.

Hatua tano za kwanza ndizo zinazobeba huduma. Mji unaozipuuza na kukimbilia ya sita utakuwa na mtambo wa kuonyesha wageni, na msomaji wake ataendelea kuambiwa kitabu hakipo.

Kwa muhtasari

- Kitabu kinachohamishwa kati ya matawi huchelewa zaidi kituoni kuliko barabarani.
- Mashine husoma kitambulisho cha nakala, huuliza kompyuta, na kukidondosha kitabu kwenye pipa la tawi lake.
- Uamuzi wa wapi kiende hutoka kwenye katalogi na kanuni zilizowekwa na wakutubi.
- Mashine kubwa hufaa penye mzigo mkubwa na ushirikiano. Penye mzigo mdogo, meza na ratiba isiyovunjwa vinatosha.
- Saa zinazookolewa lazima zirudishwe kwa wasomaji.

Basi ukienda maktaba ya mji wako na kukosa kitabu, usiondoke kimya. Uliza kama kipo tawi jingine. Wakikujibu kwamba hawajui, waombe waandike ombi lako pamoja na jina kamili la kitabu. Mwambie na mwenzako aombe. Bajeti za maktaba hufuata mahitaji yaliyoandikwa, na ombi lisiloandikwa popote haliwezi kumleta dereva wala kununua kreti hata moja.